Filamu ya Kifaransa Isiyosinzisha: Mjadala wa Kombewa

Taja filamu ya Kifaransa katika ukumbi wa video popote Seme, magharibi mwa mji wa Kisumu, na mtu atakuchorea picha ileile: mwanamume ameketi dirishani anavuta sigara, hasemi neno, nje mvua inanyesha, kisha filamu inakwisha. Wanaoichora picha hiyo kwa ufundi zaidi ni wale ambao hawajawahi kuona hata filamu moja ya Kifaransa. Na hali lugha yenyewe si ngeni huku. Inatahiniwa katika KCSE, rumba ya Kinshasa inachezwa Kisumu mpaka usiku wa manane, na malori yanayopita kuelekea Busia mengine hayasimami mpaka yafike Kongo. Sinema yake ndiyo haijakaribishwa.

Kwa hiyo tumeuweka mjadala huu Kombewa, hukohuko Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Hoja ni hii: mtazamaji asiyependa filamu za polepole bado ana filamu za Kifaransa za kumtosha, mradi achaguliwe vizuri. Wasemaji ni wa kubuni: mwenye ukumbi wa video, mwalimu wa Kifaransa, mwendesha boda, muuguzi na mvuvi wa omena, chini ya mwenyekiti ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu. Filamu, miaka na takwimu wanazozitaja si za kubuni.

MWENYEKITI: Kila msemaji atapata nafasi, na atakayerudia ya mwenzake nitamkalisha. Tuanze na mpinzani, maana ndiye mwenye banda.

MWENYE UKUMBI: Ahsante, Mama Mwenyekiti. Mimi sina ugomvi na Wafaransa. Nina kodi ya banda, bili ya stima na leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Mteja wangu ametoka shambani au ufuoni na shilingi chache mfukoni, na jirani yangu anaonyesha mechi ya Ligi ya Uingereza. Filamu nitakayoweka lazima iishinde hiyo mechi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza liliwauliza wahakiki wa nchi nyingi filamu bora ya wakati wote ni ipi. Iliyoongoza ni Jeanne Dielman ya mwaka 1975, ya Mbelgiji Chantal Akerman, inayozungumza Kifaransa. Inakwenda saa tatu na dakika 21. Mama mjane anamenya viazi, anaosha vyombo, anazima taa; kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Sisemi ni mbaya. Nasema viazi havijaiva, banda limeshabaki tupu.

Pili, watu wangu wamezoezwa na DJ Afro. Wanatazama huku mtu anawasimulia kwa Kiswahili cha mtaani, anacheka nao, anawakaripia maadui kwa niaba yao. Leo niwape Kifaransa masikioni na Kiingereza cha maandishi madogo chini ya skrini? Hiyo ni kazi ya darasani, na wao shule walishamaliza.

MWALIMU: Mama Mwenyekiti, ndugu yangu ameihukumu sinema nzima kwa filamu ya wahakiki. Tuwaulize Wafaransa wenyewe tiketi zao hununua za nini. Bienvenue chez les Ch'tis ya mwaka 2008, kichekesho cha meneja wa posta anayehamishiwa kaskazini kama adhabu, iliuza tiketi zaidi ya milioni 20 nchini Ufaransa. Intouchables ya mwaka 2011 ikauza zaidi ya milioni 19. La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, kichekesho cha wakati wa vita chenye Bourvil na Louis de Funès, iliuza zaidi ya milioni 17, na rekodi yake haikuvunjwa na filamu yoyote ya Kifaransa kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye mtu wa dirishani.

Basi mbona sisi tunaletewa wa dirishani? Ni kwa sababu ya njia. Filamu ya Kifaransa hutufikia kupitia matamasha, ubalozi na vituo vya utamaduni kama Alliance Française ya Nairobi. Wanaochagua huko hutazama kwanza iliyotuzwa katika tamasha la Cannes, na Cannes mara chache humtuza mtu kwa kutuchekesha mpaka tukalia. Kichekesho kilichojaza kumbi za Lyon na Marseille hubaki hukohuko. Tena Ufaransa hukata sehemu ya bei ya kila tiketi ya sinema, hata ya filamu ya Marekani, ikaingia katika mfuko wa taasisi iitwayo CNC, na mfuko huo husaidia filamu za nyumbani. Kwa hiyo pesa za anayependa kufukuzana kwa magari huweza kumfikia mwongozaji wa filamu ya kimya. Wafaransa wana zote mbili. Sisi tumepokea upande mmoja, tukadhani ndio mzigo mzima.

MWENDESHA BODA: Omera, wewe mwenyewe umetuonyesha filamu za Wafaransa miaka mingi bila kujua! Taken, ile ya Liam Neeson anayemtafuta binti yake Paris, aliyeiongoza ni Mfaransa, Pierre Morel, na kampuni ni EuropaCorp ya Luc Besson. The Transporter nayo ina mkono wa Besson. Na kabla ya Taken, mwaka 2004, huyo Morel alitengeneza Banlieue 13, yote kwa Kifaransa. Ndani yake yuko David Belle, mmoja wa waanzilishi wa parkour, ule mchezo wa kuruka kuta na mapaa. Wanamfukuza ghorofani, anapenya kidirisha kilicho juu ya mlango, anatokea upande wa pili bado anakimbia. Haifiki saa moja na nusu. Ilitengenezwa upya kwa Kiingereza mwaka 2014, ikaitwa Brick Mansions, na Paul Walker ndani, na David Belle huyohuyo akaruka tena.

Halafu kuna Taxi ya mwaka 1998. Daniel ni dereva wa teksi wa Marseille, Peugeot 406 nyeupe, na gari hilo likipandwa na mwenye haraka hubadilika. Mwenzake ni polisi ambaye mtihani wa udereva unamshinda kila mara. Niambie abiria gani wa boda hapa Kombewa atahitaji tafsiri ya hadithi hiyo.

MWENYE UKUMBI: Umenisaidia, kijana. Taken inazungumza Kiingereza! Maana yake Mfaransa akitaka kuuza duniani, lugha yake anaiacha nyumbani. Na wewe Mwalimu, hizo tiketi milioni 20 za meneja wa posta: watu walikuwa wakicheka nini? Si lafudhi ya watu wa kaskazini? Nitaionyeshaje lafudhi hapa, kwa maandishi ya Kiingereza, kwa mzee anayezungumza Dholuo?

MWALIMU: Hapo amenena kweli, na ni jambo ambalo wanaopendekeza filamu hulisahau. Kuna kasi ya picha na kuna kasi ya maneno. Filamu inaweza kukimbia kwa mdomo tu: watu wawili mezani, wanarushiana utani kila sekunde mbili. Kwa Mparisi hiyo ni mbio. Kwa anayesoma maandishi ni mateso, kwa sababu macho yake hayatoki chini ya skrini. Uso wa mchezaji haoni. Ch'tis ni ya namna hiyo, nami siipendekezi kwa kuanzia, tiketi zake zote milioni 20 zikae pembeni.

Lakini Intouchables ni tofauti. Driss, kijana wa mtaa wa pembeni mwa Paris, anaajiriwa kumhudumia tajiri aliyepooza kuanzia shingo kwenda chini. Filamu inafunguliwa kwa gari linalokimbizwa na polisi usiku. Baadaye Driss anagundua kwamba tajiri hasikii kitu miguuni, anammwagia maji moto ili ahakikishe. Utani uko katika tendo. Aliyemwigiza Driss ni Omar Sy, baba yake wa Senegal na mama yake wa Mauritania, na mwaka 2012 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya filamu ya Ufaransa, César, ya mwigizaji bora wa kiume. Mtoto wa wahamiaji amewachekesha Wafaransa milioni 19. Banda la Kombewa halitamshinda.

MUUGUZI: Mama Mwenyekiti, naomba nibadilishe kipimo, maana tunabishana kuhusu mwendo na mimi naona tatizo liko kwingine. Nikitoka zamu ya usiku nina muda wa filamu moja. Dakika kumi za kwanza najiuliza mambo mawili: nani hapa anataka nini, na nini kinamzuia? Nikipata jibu, nabaki. Nisipopata, nalala, hata kama wanapigana.

Chukua À bout portant ya mwaka 2010, ya Fred Cavayé. Msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Paris anamwokoa mgonjwa asife. Asubuhi majambazi wanamteka mkewe mjamzito: mtoe huyo mgonjwa hospitalini, la sivyo mke humwoni tena. Mara moja najua anataka nini. Ni ya chini ya saa moja na nusu, na sikumbuki mahali ambapo angeweza kukaa chini.

Sasa chukua kinyume chake. Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot, mwaka 1953, haina rangi, inakaribia saa mbili na nusu. Karibu saa nzima ya mwanzo wanaume wamekwama katika mji wa Amerika ya Kusini, hawana kazi wala nauli. Kisha kampuni ya mafuta inatafuta madereva wa kupeleka malori mawili ya nitrogliserini kwenye kisima kinachoungua. Barabara mbovu, tingisha kidogo, umekwisha. Kuanzia hapo lori linakwenda polepole kuliko mtembea kwa miguu, na huwezi kutoa jicho. Huo polepole wake ndio unaotisha. Kwa hiyo anayesema hapendi filamu ya polepole, mara nyingi anachokataa ni kungoja bila kujua anangoja nini.

MWENYEKITI: Naona mzee wangu wa ufuoni ameinua mkono tangu zamani. Jaduong', karibu.

MVUVI: Ahsante, Mama. Mambo ya kungoja niulizeni mimi. Omena tunavua usiku wa giza, kwa taa. Unawasha, unakaa. Hakuna anayesema kazi hiyo inachosha kwa sababu tunajua kilicho chini ya taa. Sista amesema sawasawa.

Mimi naitetea filamu moja ambayo mwenye banda ataiita ya polepole: Timbuktu ya mwaka 2014, ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania. Ilipata tuzo saba za César. Mfugaji ana ng'ombe mmoja anayempenda kuliko wote, jina lake GPS. Siku moja GPS anapotea njia, anaingia majini, anavuruga nyavu za mvuvi. Mvuvi alishaonya. Anamchoma mkuki. Mfugaji anakuja kudai haki yake, bastola mfukoni, na kinachofuata kamera inakitazama kwa mbali sana, mtu anavuka maji hatua kwa hatua. Hakuna muziki wa vita, hakuna kukatakata picha. Lakini nipeleke filamu hiyo Asat, ambako ng'ombe wanashuka kunywa maji mahali tunapoanika nyavu, uone kama kuna atakayelala! Wataisimamisha wafanye baraza hapohapo: nyavu zilitegwa wapi, ng'ombe alikuwa na mchungaji gani, nani alipe.

MWENDESHA BODA: Jaduong', na ile ya mpira?

MVUVI: Naam, imo humohumo. Watawala wapya wa mji wamepiga marufuku kandanda. Vijana wanacheza bila mpira. Wanapiga pasi, wanaruka kichwa, wanafunga, wanashangilia, na mpira haupo. Mwenye banda anaogopa mechi ya jirani. Hiyo nayo ni mechi.

MWALIMU: Kwa uaminifu niseme kwamba humo Kifaransa ni kidogo, husikika pia Kitamasheki, Kiarabu na Kibambara. Lakini ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya sinema ya nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa: lugha hupokezana kama zinavyopokezana sokoni kwetu.

MWENDESHA BODA: Basi niongeze za Afrika zenye mbio. Viva Riva! ya mwaka 2010, ya Djo Munga, imepigwa Kinshasa kwa Kifaransa na Kilingala. Mji hauna petroli. Riva anarudi kutoka Angola na mzigo wa mafuta ya wizi, na wenye mafuta wako nyuma yake. Sisi tuliopanga foleni za petroli Aprili 2022 tunajua mtu mwenye mtungi hupata marafiki wangapi. Na wanaosikiliza Kilingala kila wikendi bila kuelewa, wataona watu wanaokizungumza wanaishije. Nyingine ni Saloum ya mwaka 2021, ya Jean Luc Herbulot: mamluki watatu wanatoroka Guinea-Bissau kwenye mapinduzi ya mwaka 2003, ndege inavuja mafuta, wanatua Senegal na kukimbilia kambi ya watalii, na huko kuna jambo baya kuliko polisi. Hiyo pia haifiki saa moja na nusu.

MUUGUZI: Ila Viva Riva! ni ya watu wazima, na nasema hivyo kwa msisitizo. Mle ndani mna ngono na ukatili, na mabandani mwetu huingia mtoto wa darasa la tano akiwa ameletwa na kaka yake. Viwango vya umri vya Bodi havikuwekwa kwa mapambo. Kwa watoto kuna Kirikou et la Sorcière ya mwaka 1998, katuni ya Michel Ocelot, ambaye utoto wake aliupitia Guinea. Mtoto anazaliwa, anajikata kitovu mwenyewe, na papo hapo anauliza baba yuko wapi na mchawi ana ubaya gani. Muziki ni wa Youssou N'Dour. Haimalizi saa moja na robo. Kipimo changu cha dakika kumi Kirikou anakipita tangu anapozaliwa.

MWENYE UKUMBI: Mmenisogeza, lakini hamjanihamisha. Suala la lugha liko palepale. Nami nina wazo. Waliotangulia kutafsiri filamu kwa sauti, kama Lufufu kule Dar es Salaam, VJ Jingo kule Kampala na DJ Afro hapa kwetu, walifanikiwa kwa sababu hawakutafsiri tu, walisimulia. Filamu yenye maneno mengi humbana msimulizi, hana pa kupenyeza sauti. Yenye kimya humpa uwanja. Kwa hiyo hizo za polepole mnazozikwepa, huenda ndizo zitakazomfaa msimulizi.

MWALIMU: Hilo sikulitegemea kutoka kwako! Mfano wake ni Le Samouraï ya Jean-Pierre Melville, mwaka 1967. Alain Delon ni muuaji wa kukodiwa, na dakika nyingi za mwanzo hakuna anayefungua mdomo. Waliopenda filamu za Hong Kong wamekwisha kuionja bila kujua, kwa sababu John Woo aliitegemea sana alipotengeneza The Killer ya mwaka 1989. Hofu yangu ni moja: msimulizi asije akakijaza kila kimya. Muuaji akinyamaza, na yeye anyamaze kidogo.

MUUGUZI: Na tusisahau sheria. Muvi iliyowekwa kwenye flashi dukani haina ruhusa ya mwenyewe. Akaunti ya Netflix nayo ni ya nyumbani, haikuruhusu kutoza kiingilio. Balle perdue ya mwaka 2020, ya yule fundi wa magari anayesakwa kwa mauaji asiyoyafanya na ambaye ushahidi wake ni risasi iliyonasa ndani ya gari lililopotea, ni tamu sana, lakini ni ya kutazama nyumbani. Kwa maonyesho ya bure, shule au kikundi kinaweza kuomba filamu za Afrika kutoka Cinémathèque Afrique ya Institut français, mkusanyo ulioanzishwa mwaka 1961.

MWENYEKITI: Nimewasikia. Natoa uamuzi.

Hoja imepita, kwa marekebisho matatu. Kwanza, neno "polepole" liondolewe kwenye mashtaka. Muuguzi ametuonyesha lori linalotambaa na watu hawapumui, na mvuvi ametuonyesha mtu anayevuka maji taratibu huku ufuo mzima ungetaka kuamua kesi yake. Swali la kumchagulia mtu filamu ni lile la dakika kumi: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Mpendekezaji asiyeweza kulijibu kwa sentensi moja aache kupendekeza.

Pili, mpangilio. Anayeanza aanze na filamu ambayo miguu inasema kuliko mdomo: Banlieue 13 au Taxi. Aendelee na Intouchables au À bout portant, ambamo maneno yapo lakini tendo linayabeba. Zikifuata Saloum, na kwa watu wazima Viva Riva!, atakuwa amezoea kusoma chini ya skrini. Timbuktu na Le Salaire de la peur zisubiri usiku wa mbalamwezi, omena wakiwa hawavuliwi na wazee wana nafasi. Vichekesho vya lafudhi waachiwe wanaojifunza Kifaransa. Mwalimu ana wanafunzi wa kutosha.

Tatu, mwenye ukumbi ana haki ya kuogopa banda tupu, na hakuna aliyemjibu kwa pesa. Kwa hiyo simlazimishi kuacha mechi. Namwomba usiku mmoja kwa mwezi, usio na mechi kubwa, filamu yenye kibali, msimulizi aliyekwisha kuitazama kabla, na watoto nje ikiwa filamu si yao. Mwalimu na kikundi chake wachangie kiingilio cha usiku wa kwanza ili hasara, ikiwepo, isimwangukie mtu mmoja.

Na nyinyi mnaosoma: atakayewaambia kwamba hapendi filamu za Kifaransa, msibishane naye. Mwulizeni ameona ipi. Akikosa jina, mkalisheni mbele ya Banlieue 13, kisha aseme.